Kufuli Kwenye Laini ya Pampu

Kituoni walimwita Mzee Haloo, ingawa hakuwa mzee kihivyo. Jina lilitokana na mbio zake. Simu ya chumba cha mitambo ilipolia, popote alipokuwa, juu ya ngazi ya tangi au ndani ya shimo la vali, aliacha kila kitu akakimbia, mkono ameunyoosha mbele kama mtu anayetaka kudaka kikombe kinachoanguka mezani. Kabla hajaushika mkono wa simu sawasawa alikuwa ameshaita, "Haloo! Haloo!"

"Haloo mwenyewe," Manyunyu alimjibu kutoka kwenye pampu. Manyunyu alikuwa mwendesha pampu, na jina lake alilipata kwa sababu ukizungumza naye kwa karibu unahitaji mwavuli. "Mzee, iko siku utavunjika kiuno kwa ajili ya mtu aliyekosea namba."

"Kiuno changu kinakuhusu nini?"

"Kinanihusu sana. Atakayekubeba ni mimi."

Mara nyingi ni kweli hakuwa mtu. Ilikuwa kompyuta ya makao makuu ikipiga kuulizia habari za maji. Kituo kilikuwa na laini moja tu ya simu, na laini hiyo ilibeba vitu viwili: simu ya mezani, kuukuu, iliyopauka kwa jasho la viganja, na kisanduku cha modemu kilichoziunganisha pampu na makao makuu. Mtu wa makao makuu alikaa kwenye kiti chake upande wa pili wa mji, akapiga namba ya kituo, modemu ikapokea kwa ule mlio wake wa paka aliyekanyagwa mkia, kisha yule mtu akasoma kina cha maji tangini, akawasha pampu au akafunga vali bila kulowesha kiatu. Mzee Haloo ndiye aliyekuwa fundi wa hayo yote, nyaya, modemu na vipimo vya maji.

Modemu nyingine hupokea simu ikilia mara moja tu. Hii ya kituo ilisubiri ilie weee, hata watu wa makao makuu wakazoea kusema kwamba kituo kile kina usingizi. Walidhani ni ubovu. Haukuwa ubovu. Mzee Haloo aliipanga hivyo kwa mkono wake, ili simu ikilia aifikie yeye kabla ya mashine. Akisikia ukimya wa kompyuta alikata, wenyewe wakapiga tena, na safari hiyo akaiachia modemu ipokee. Akisikia pumzi ya mtu, roho ilimruka.

Binti yake hakuwa na namba nyingine.

Alikuwa kifungua mimba wao, na nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu aliamka anaongea na kulala anaongea, na kati ya hapo aliongea. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo, zilizokuja kubomolewa kupisha tangi jipya. Alipokuwa mdogo alipotea sokoni mchana mzima, akaonekana amekaa kwenye kibanda cha fundi viatu, anamsimulia fundi habari za majirani wote. Siku ile baba yake aliapa kwamba mtoto huyu hatatoka tena nyumbani bila namba ya simu kichwani. Akaitia namba ya kituo kwenye wimbo wa kupiga makofi, tarakimu moja kila kofi. Chiriku akauimba hadi majirani wakaomba atafutiwe mwingine.

Akakua, akamaliza shule, kazi hakuna. Akaja wakala mwenye viatu vinavyong'aa, akasema kuna kazi ya duka ng'ambo. Kufika huko, duka likageuka kuwa nyumba yenye vyumba visivyokwisha kupigwa deki. Pasi yake ya kusafiria ikachukuliwa "ili isipotee". Simu yake ya mkononi ikachukuliwa pia, na namba zote zilikuwa ndani ya simu hiyo. Kichwani alibaki na moja, ile ya makofi.

Simu ya kwanza ilipokuja, wazazi walikuwa wameshaanza kuogopa kulitaja jina lake mbele za watu. Mzee Haloo alipokea, akasikia mtu ananong'ona, "Baba." Kwa maneno machache aliyoyapata siku hiyo alielewa kwamba mama mwenye nyumba huenda kwa dada yake kila Alhamisi, anamwacha bibi kizee asiyesikia vizuri, na mara mojamoja husahau kuifungia simu ya nyumba kabatini. Kisha laini ikakatika.

Tangu hapo ikawa Alhamisi. Si kila Alhamisi, maana miezi iliweza kupita kimya. Simu ikija, ilikuwa ya kufumba na kufumbua. "Baba, nipo." "Nasi tupo, mwanangu." Basi. Yule aliyeitwa Chiriku alikuwa sasa anahesabu maneno kama dawa. Aliwahi kujaribu, baba mtu, kumpa namba ya simu yake ya mkononi, lakini binti hakuwa na kalamu wala karatasi, na namba ngeni kwa mtu mwenye hofu ni maji ya viganjani. Alianza kuirudia, simu ikakatwa katikati. Mzee Haloo hakusumbuka sana. Aliona namba ya kituo ipo, na itakuwepo.

Usidhani hawakwenda maofisini. Walikwenda. Ofisi ya wakala ilikuwa imegeuka saluni. Kwingine waliulizwa kama wana anwani ya nyumba anakofanya kazi, hawakuwa nayo. Kampuni ya simu ilisema simu zinazoingia haiwezi kuzifichua bila karatasi ya mahakama, na mahakamani wakaulizwa anwani. Nchi iliyoweza kujua kila ndoo ya maji iliyotoka bombani haikuweza kujua binti yake mmoja analala wapi. Hakuna aliyeona haya. Kila mtu mezani alisema pole, na kila pole ilikuwa na maana ya mlango ule pale.

Nyumbani mkewe alikuwa fundi magodoro. Alichana pamba iliyoshikamana, akaipiga kwa fimbo mbili, akaijaza upya kwenye foronya za magodoro ya watu, na nywele zake zilikuwa na nyuzi nyeupe za pamba hata kabla mvi hazijaanza. Kila Alhamisi mumewe aliporudi, kabla hajavua viatu, aliulizwa neno moja.

"Amepiga?"

Akisema ndiyo, mama alikaa kati ya marundo ya pamba na kutaka ayasikie maneno yote, japo yalikuwa mawili, na jinsi yalivyosemwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia sauti ya binti yake tangu alipoondoka, kwa sababu chumba cha mitambo hakiruhusu wageni.

*

Siku moja ya kiangazi tangi likafurika. Mtu asiyejulikana, huko aliko, alikuwa akipiga namba moja baada ya nyingine kusudi apate modemu ya kuchezea, akaipata ya kituo, akaingia, akaziwasha pampu zote na kuondoka zake. Maji yakashuka mtaa wa chini yakaingia vyumbani kwa watu, na mwenye duka la unga alifunga duka akiwa na matope ya unga hadi kwenye magoti.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema Manyunyu, akikamua soksi.

"Kaa kimya, wewe," Mzee Haloo alimwambia.

Haikupita muda akaja mkuu wa kituo, mwanamke kijana aliyeitwa Bi Mkuu hata na watu waliomzidi umri, amebeba katoni ndogo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, bosi. Umetuletea keki?"

"Nimekuletea kufuli." Akatoa kisanduku cheusi chenye ukubwa wa tofali la sabuni, soketi mbili za waya wa simu nyuma na taa mbele, pamoja na mwenzake mdogo zaidi. "Hili kubwa ni kufuli, linakaa hapa. Hili dogo ni ufunguo, linakwenda kwenye modemu ya makao makuu. Simu ikiingia, kufuli linapokea lenyewe kabla hata haijamaliza kulia mara moja. Linamwuliza mpigaji, ufunguo uko wapi? Akiwa nao linampitisha. Akiwa hana, linamkatia. Taa nyekundu, kwisha habari."

Mzee Haloo alilishika, akaligeuza upande wa soketi. "Na mtu wa kawaida akipiga? Mtu tu, wa kuongea?"

"Mtu wa kuongea hana ufunguo, mzee. Atakatiwa."

"Na mimi nikiwahi simu?"

"Huwezi kuliwahi. Ndiyo kazi yake." Bi Mkuu alitabasamu. "Mwisho wa mbio zako."

Manyunyu alicheka. Mzee Haloo hakucheka. Alilirudisha kufuli kwenye katoni polepole, akaifunika kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, na kusema atalifunga baada ya kukagua waya.

Siku zikaenda. Mara adapta ya umeme haikuingia ukutani. Mara soketi ya simu imelegea. Mara waya ni mfupi kwa kiganja kimoja, na wa kuunganishia haupo stoo. Yote yalikuwa kweli, na yote fundi kama yeye angeyamaliza kabla chai haijapoa. Alikuwa anaitafuta Alhamisi moja tu. Nyumbani walishapanga. Namba ya simu ya mkononi ingetiwa kwenye wimbo, kama ile ya zamani, na mama ndiye aliyeutunga, kwa sababu mume, tuseme ukweli, aliimba kama bawaba ya geti. Aliutunga akipiga pamba, fimbo ya kulia tarakimu, fimbo ya kushoto tarakimu, hadi mtoto wa jirani akawa anauimba upande wa pili wa ukuta bila kujua ni nini.

"Akipiga tu," Mzee Haloo alimwambia mkewe, "salamu hakuna. Namba kwanza. Akishaishika, hata kufuli wakiweka kumi, atatupata."

"Na wewe utauimba hivyo hivyo na hiyo sauti yako?"

"Nitajikaza."

"Atakata simu mwenyewe, maskini."

Walicheka. Walikuwa hawajacheka pamoja muda mrefu.

Alhamisi ikaja, simu ya mtu haikuja. Na kesho yake yule mtu asiyejulikana akarudi. Safari hii aliifunga vali ya upande wa mlimani na kubadilisha vipimo, hivyo makao makuu waliona kila kitu sawa huku mabomba ya mlimani yakikohoa hewa. Kabla ya saa sita mchana, muuguzi wa zahanati alikuwa getini na ndoo mbili tupu.

"Ninyi watu wa maji!" Hakutaka kuingia ndani, alitaka mtaa mzima usikie. "Nina wanawake wawili wamejifungua leo asubuhi, na sina maji hata ya kunawa mikono. Nimewafuta watoto kwa spiriti! Mnangoja nini humo ndani? Mnangoja mtu afe?"

Manyunyu alimtazama Mzee Haloo, kisha akaitazama droo ya meza. Kufuli lilikuwa kwenye droo, ndani ya plastiki yake.

Mzee Haloo alizichukua zile ndoo mwenyewe, akazijaza kwenye bomba la kituo, akazibeba hadi zahanati. Aliporudi alikwenda moja kwa moja ofisini, akafunga mlango, na kumweleza Bi Mkuu kila kitu: Alhamisi, mama mwenye nyumba, wimbo, na kwa nini modemu ina usingizi.

Bi Mkuu aliinua simu yake ya mkononi, akawapigia makao makuu papo hapo, mbele yake, kuomba laini ya pili. Sauti ya upande wa pili ilisikika hadi kwenye kiti cha mgeni. Kituo kimoja, laini moja. Akaomba basi modemu ipewe namba nyingine. Namba ile, wakajibu, imeshaingizwa kwenye mifumo yote, haibadilishwi kwa sababu za mtu binafsi.

"Mtu binafsi," Bi Mkuu alirudia baada ya kukata, kama anayeonja kitu kilichochacha. Kila bomba katika mji ule lilimfikia mtu binafsi. Hakuna mtu wa aina nyingine anayekunywa maji.

"Bosi, usijitie matatani."

"Nisikilize, mzee wangu. Leo mpaka Alhamisi nitawaacha Manyunyu na mwenzake wazishike vali kwa mkono, na modemu tutaitoa kwenye laini. Nitasema ni matengenezo. Alhamisi yote ni yako. Mlete na mama, akae pale mezani. Lakini Ijumaa asubuhi unaliwasha. Zaidi ya hapo wataleta wakaguzi, na mimi nitakuwa sina la kusema." Akatazama pembeni. "Na yule muuguzi pia nitakuwa sina la kumwambia."

"Ijumaa nitaliwasha," alisema Mzee Haloo. "Nakuahidi."

*

Mama alikuja Alhamisi amevaa gauni lake la safari, ametoa pamba yote kichwani, amejipaka mafuta. Alikalishwa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu mbele ya simu, na mwanzoni kiti kilimkimbia kila alipoegemea, hata Manyunyu akakiwekea jiwe.

"Shemeji, kwaya inaanza saa ngapi?"

"Ukikaa karibu sana kwaya italowa," mama alimjibu, na mumewe akacheka hadi akakohoa.

Asubuhi simu ililia mara moja: mtu anatafuta gereji. Waliurudia wimbo. Ilipangwa hivi: baba angepokea, angesema "Chiriku, mama anakuimbia namba, ishike," na kumpa mama mkono wa simu. Mama angeimba mara moja, kwa pumzi moja. Salamu zingengoja, kama kungekuwa na nafasi. Mama aliuimba kwa sauti ya chini, vidole vikigonga meza, bila kukosea hata mara moja.

Mchana ukapita. Chakula walichokuja nacho hakikuguswa. Jua lilikuwa limeshahamia kwenye dirisha la pili simu ilipolia.

Mzee Haloo aliinua. Kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Haloo."

Pumzi. Kisha, "Baba."

"Chiriku, sikiliza vizuri. Mama yuko hapa, anakuimbia namba yetu. Ishike." Akampa.

Mama aliushika mkono wa simu kwa mikono yote miwili. Akafungua kinywa. Mumewe aliona midomo yake ikijipanga kwa tarakimu ya kwanza, kisha akaona uso wake wote ukibadilika, kwa sababu sikioni mwake mtoto alikuwa anapumua. Ni pumzi ileile aliyoisikiliza gizani usiku wa homa za utotoni. Ingekuwa wewe, ungeimba?

"Mwanangu," alisema mama. "Mwanangu, unakula?"

Halafu sauti, si mnong'ono tena, sauti ya mtoto kabisa, ikasikika hadi kwa baba aliyesimama kando. "Mama? Mama, ni wewe?"

"Ni mimi, ni mimi. Unakula lakini? Wanakupa chakula? Mbona sauti yako nyembamba hivyo?"

Upande wa pili ulilia. Kilikuwa kilio cha mtu aliyekizuia muda mrefu, kisicho na maneno, na mama akawa analia nacho, "Nyamaza, nyamaza mama, nyamaza."

"Namba," Mzee Haloo alimshika bega. "Mke wangu. Namba."

Mama akatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, akafuta uso kwa kiwiko, akavuta pumzi. Akaanza kuimba. Sauti ilitetemeka mwanzo, ikakaa sawa, vidole vikagonga meza. Na mumewe, aliyeishi na simu maisha yake yote, akasikia kutoka kwenye mkono wa simu kitu ambacho mkewe alikuwa bado hajakisikia, ule mlio mmoja mrefu usio na mtu. Laini ilikuwa imeshakatika. Alinyoosha mkono amzuie. Akaurudisha. Alimwacha aimbe hadi mwisho.

"Ameishika?" mama aliuliza, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Alisikiliza mwenyewe.

Walikaa mpaka mlinzi alipokuja kuwasha taa za uani. Simu haikulia tena. Njiani kwenda nyumbani mama alitembea nyuma kidogo, na walipofika kwenye kona ya duka la unga alisimama.

"Nimempoteza mimi. Kwa mdomo wangu."

"Usiseme hivyo."

"Nilikuwa na pumzi moja ya mtoto wangu, nikaitumia kuuliza chakula."

"Wewe ni mama yake," alisema Mzee Haloo. "Ulitaka uulize nini?"

*

Ijumaa alilifunga. Bi Mkuu alikuwepo, na fundi wa makao makuu aliyeleta ule ufunguo mdogo. Kwanza kufuli na ufunguo huunganishwa kwa waya mfupi, uso kwa uso, ndipo umeme unawashwa, kwa sababu kufuli humtambua yule tu aliyekuwepo linapoamka. Ambaye hakuwepo saa ile ni mgeni milele. Ukilizima, linasahau wote, na ni lazima ufunguo urudishwe liamshwe upya. Mzee Haloo alitoa waya wa simu ukutani, akauchomeka kwenye soketi ya kufuli, akatoa mwingine kutoka kwenye kufuli hadi kwenye modemu. Akakaza skrubu za kibati cha kulishikilia ukutani. Fundi hata akiwa msibani mikono yake haisahau. Akachomeka adapta.

Taa ya njano ikawaka, ikafikiri, ikawa kijani.

Fundi wa makao makuu akaondoka na ufunguo, na alipofika kwake akapiga kwa modemu yenye ufunguo. Kufuli likapokea, likauliza, likampitisha. Kisha akapiga kwa simu ya kawaida kuhakikisha linakataa. Simu ya mezani ilitoa "kri" fupi, kama panzi aliyekanyagwa, taa nyekundu ikawaka ikazimika.

"Umesikia kitu?" Bi Mkuu alisoma swali la fundi kutoka kwenye simu yake ya mkononi.

"Sijasikia mtu," alisema Mzee Haloo.

"Basi tayari." Bi Mkuu hakuondoka mara moja. Alisimama akitazama kisanduku, na mwisho akasema, "Nisamehe, mzee wangu," ingawa kati ya watu wote waliohusika yeye ndiye aliyekuwa na deni dogo kuliko wote. Waliostahili kusema neno lile walikuwa kwenye ofisi zenye zulia, na hawakujua kama kuna mtu wa kuombwa radhi.

Tangu siku ile maji ya mlimani hayakukatika. Manyunyu alijaribu kumchokoza Mzee Haloo kuhusu kiuno, akaona hakuna mbio za kuchokoza, akaacha. Jina nalo likafifia. Watu walirudi kumwita fundi.

Alhamisi mbili zilipita bila kitu. Ya tatu, alikuwa mezani anasafisha kipimo cha tangi kwa brashi. Simu ikatoa kri. Nyekundu. Akaweka brashi chini. Kri. Nyekundu. Hajui alisimama saa ngapi. Alijikuta amesimama, mkono wake umefika kwenye adapta ukutani, vidole vimeishika. Manyunyu alikuwa mlangoni.

"Chomoa, mzee," alisema Manyunyu, safari hii bila mzaha. "Nitasema ni mimi."

Adapta ilikuwa ya moto kidogo mkononi, kama kitu kilicho hai. Kuichomoa kulihitaji nguvu ya mtoto. Kri. Nyekundu. Alimfikiria yule muuguzi na ndoo zake, alimfikiria Bi Mkuu mbele ya wakaguzi. Alifikiria pia, naamini, kwamba haiwezekani dunia iwe imepangwa hivi, kwamba ili mtoto wa mwenzio anawishwe maji ni lazima wako afungiwe sikio. Lakini ilikuwa imepangwa hivyo, na aliyeipanga hakuwepo chumbani agombane naye. Alisubiri nyingine. Haikuja. Akaiachia adapta.

Nyumbani alimkuta mkewe juu ya godoro la mtu, sindano ndefu mkononi, anashona kingo. Hakuuliza kama amepiga. Alhamisi hizi alikuwa ameacha kuuliza.

"Kufuli linafanya kazi?" alisema.

Mzee Haloo alivua kiatu kimoja. "Linafanya kazi."

Sindano ikasimama. Alikuwa ameishi naye muda wa kutosha kujua uzito wa sauti yake. "Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Mama aliitazama pamba iliyokuwa ikichungulia kwenye mshono, akairudisha ndani kwa kidole, taratibu.

"Atadhani tumemchukia," alisema. "Kwa sababu ya kuniliza siku ile. Atadhani baba yake amekasirika."

"Hapana. Atadhani tumekufa."

"Afadhali hivyo?"

Mzee Haloo alivua kiatu cha pili, akakaa sakafuni upande wa pili wa godoro, akashika ukingo wa kitambaa akaukunja ili ushoneke vizuri. Mama akachoma sindano, akauvuta uzi hadi mwisho, akachoma tena.